Nani Anamaliza Uniti?

Saa mbili usiku, nyumba ya vyumba sita, Mbagala. Rimoti iliyofungwa koridoni, inayoonyesha uniti zilizobaki za LUKU (umeme wa kulipia kabla), imeanza kulia, ule mlio ambao kila mpangaji wa Dar es Salaam anaujua. Jumapili watu walichanga, zikanunuliwa za shilingi 10,000. Zilitoka uniti 28. Leo ni Jumamosi na zimekwisha.

Mama wa chumba cha mbele anauliza zamu ya nani. Kijana wa chumba cha nyuma anajibu kwa adabu, ila kila mtu anasikia: "Shikamoo mama. Mimi nina taa moja na simu. Za pasi ya kila asubuhi mnajua wenyewe."

Macho yanageukia mlango wa dada anayekwenda kazini na shati lililonyooka.

Mabishano haya yapo karibu kila nyumba yenye mita moja na wapangaji wengi. Yamenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu anayeshutumiwa ni yule ambaye kifaa chake kinaonekana. Pasi inaonekana. Mita ikilia, jina la kwanza kutajwa ni la mwenye pasi.

Basi tuihesabu hiyo pasi.

## Wati na saa

Pasi ya kawaida huandikwa wati 1,000. Lakini haivuti wati 1,000 muda wote. Themostati hukata inapofikia joto na kuwasha tena inapopoa, ndiyo maana kile kitaa chake huzima na kuwaka. Dakika 20 za shati na suruali ni kama uniti 0.2.

Sasa angalia king'amuzi kilichopo chini ya televisheni. Wati 12 tu. Kikizimwa kwa rimoti, ving'amuzi vingi huendelea kuvuta karibu kile kile, kwa sababu ndani vinabaki macho vikisubiri amri. Wati 12 kwa saa 24 ni uniti 0.29.

King'amuzi kimoja kinaishinda pasi ya dada, na hakuna aliyewahi kukitaja koridoni.

Taa ya nje ni mbaya zaidi ikiwa bado ni ile balbu ya zamani ya wati 60. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi inakula uniti 0.72, zaidi ya pasi tatu. Ya LED ya wati 9 ingekula 0.11.

Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, na hesabu yote inatoka hapo. Tatizo ni kwamba jicho linaona wati, halioni saa. Kifaa chenye moto au kelele kinaogopwa, kilichokaa kimya usiku kucha kinasamehewa.

## Ukaguzi ambao hautakuja wenyewe

Ukaguzi wa matumizi ya nishati ni kazi yenye wataalamu wake. Kenya, kwa mfano, Kanuni za Usimamizi wa Nishati za 2012 zilizilazimu sehemu zinazotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka, yaani viwanda, hoteli na majengo makubwa, zikaguliwe angalau mara moja kila miaka 3. Mkaguzi huja na vyombo vyake, anaacha ripoti na mpango wa marekebisho.

Nyumba ya vyumba sita haitamwona mtu huyo. Lakini kifaa chake muhimu kuliko vyote tayari kiko ukutani au juu ya nguzo: mita yenyewe.

Chukua daftari. Andika uniti zilizobaki kwenye rimoti kila siku saa ile ile, kwa wiki moja, na kila uniti zinazoingizwa. Kisha, usiku mmoja, andika mara mbili: watu wanapolala, tuseme saa tano, na kabla hawajaamka, saa kumi na moja alfajiri. Tofauti ya saa hizo sita ndiyo matumizi ya nyumba wakati hakuna anayefanya chochote. Igawe kwa sita, zidisha kwa 24, ulinganishe na matumizi ya siku nzima.

Nyumba nyingi hushtuka hapa. Sehemu kubwa ya umeme inaondoka hata bila mtu kugusa swichi.

Kama taa ndogo nyekundu ya mita unaiona, una kipimo kizuri zaidi. Pembeni yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti moja: 1,000, au 1,600, au 3,200. Hesabu sekunde kati ya mpepeso na mpepeso. Kwa mita ya 1,000, gawa 3,600 kwa sekunde hizo, unapata wati zinazotumika wakati huo. Kwa ya 1,600, gawa 2,250. Kwa ya 3,200, gawa 1,125. Mita ya 1,600 inayopepesa kila baada ya sekunde 19 inapitisha wati 118, yaani pengine ni friji peke yake linafanya kazi.

Usihesabu mpepeso mmoja. Hesabu 10, kisha gawa.

## Zima kila kitu

Kipimo hiki ndicho ningetaka kila nyumba ifanye hata kama haitafanya kingine.

Zima taa zote. Chomoa kila kitu kwenye soketi. Kuzima swichi ya kifaa hakutoshi. Usisahau ekstensheni iliyo nyuma ya kabati, chaja, sabufa, hita ya bafuni, pampu ya maji. Acha swichi kuu ikiwa imewashwa. Nenda ukaitazame mita.

Inapaswa kutulia. Ikiendelea kupepesa, kuna kitu kinakula.

Mita ya 1,600 inayopepesa kila baada ya sekunde 75 inapitisha wati 30. Zinaonekana kidogo, lakini kwa mwezi ni karibu uniti 22, na hakuna aliyepata mwanga wala ubaridi kwazo. Sasa shusha breka za kwenye kisanduku moja moja. Ile ambayo ukiishusha mpepeso unakoma, njia yake ndiyo yenye tatizo. Kama umeshusha hata swichi kuu na mita bado inahesabu, umeme unaondoka kati ya mita na swichi kuu: ama waya umechubuka, ama kuna mtu amejiunganisha hapo. Usipande kuangalia. Hilo ni la TANESCO, shirika la umeme.

Ndani ya nyumba za Pwani, mara nyingi kinachopatikana ni umeme unaovuja kwenda ardhini. Waya wa taa ya geti uliofukiwa bila bomba, maganda yake yakaliwa na chumvi na unyevu. Soketi ya nje iliyolowa. Hita ya maji ambayo koili yake imepasuka na maji yanaigusa. Umeme huo haukati breka kwa sababu ni mdogo, lakini umepita kwenye mita, kwa hiyo unalipiwa.

Na unaua. Ukutani panapotekenya, bomba la bafu linalopiga shoti, sinki linalorusha: hayo si mambo ya kuzoea na kuvaa ndala. Fundi umeme mwenye leseni aje apime waya wa ethi na aweke breka ile inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Hili la uniti lingoje kwanza.

## Friji, kwa urefu

Friji ndilo lenye mengi ya kueleza, na ndilo linalokadiriwa vibaya kuliko vyote.

Mtu anasoma bamba la nyuma, anakuta wati 150, anazidisha kwa saa 24 anapata uniti 3.6 kwa siku, anahukumu. Mwingine anasema friji "linajizima lenyewe" kwa hiyo halili kitu. Wote wawili wamekosea. Kompresa hufanya kazi kwa vipindi. Jibu liko kwenye vipindi hivyo, na vinapimwa kwa saa ya simu.

Kaa karibu na friji jioni, mlango umefungwa, andika linapoanza kunguruma na linaponyamaza, kwa mizunguko 3. Likinguruma dakika 10 na kupumzika 20, linafanya kazi theluthi ya muda. Wati 150 kwa theluthi ni wastani wa wati 50, uniti 1.2 kwa siku, 36 kwa mwezi. Likinguruma dakika 50 katika kila 60, friji lile lile linakula uniti 3 kwa siku.

Sababu za kutopumzika ni chache na nyingi hazihitaji fundi.

Mpira wa mlango. Bana noti au karatasi kati ya mpira na fremu, funga, vuta. Ikitoka bila kushikwa, hewa inaingia hapo. Zunguka mlango mzima. Kona ya chini upande wa bawaba hudanganya. Mpira mchafu osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, uliopinda ukande kwa maji ya moto urudi. Ukikatika, badilisha.

Nyuma. Zile nondo nyembamba nyeusi ndizo zinazotoa joto. Zikijaa vumbi, au friji likisukumwa hadi ukutani, joto halina pa kwenda. Acha angalau sentimita 10. Na tafadhali, usitandike kitambaa kizito juu kikaning'inia nyuma.

Barafu ikizidi nusu sentimita kwenye kisanduku cha juu, yeyusha. Usichokonoe kwa kisu. Tundu moja la kisu ndio mwisho wa gesi.

Halafu ile namba ya ndani, 1 hadi 7. Kwa friji nyingi 7 ndiyo baridi kali zaidi. Kwa chakula cha kawaida nyuzi 4 zinatosha. Kipimajoto kidogo ndani ya glasi ya maji, kikilala usiku kucha katikati ya friji, kitakuambia ukweli.

Ukimaliza yote haya na bado friji halipumziki, tazama barafu ilivyoshika. Ikiwa imeshika sehemu moja tu ya kisanduku na kwingine pakavu, gesi imepungua. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea: fundi anajaza gesi bila kutafuta inapovujia, baada ya miezi michache imetoka tena, anaitwa tena. Gesi ya friji haiishi kwa kutumika. Ikipungua, kuna tundu. Mwambie kwanza aoneshe tundu.

## Mwenye friza la barafu

Katika nyumba hizi kuna mama anayegandisha barafu na juisi za kuuza, na huyo ndiye ugomvi wa pili baada ya pasi. Anatozwa kwa kukisiwa, wakati mwingine anaonewa, wakati mwingine anaonea.

Kugandisha lita moja ya maji ya nyuzi 28 hadi nyuzi 18 chini ya sifuri ni kuondoa joto la karibu uniti 0.14. Friza huhamisha joto zaidi ya umeme linaoutumia, kwa hiyo lililo katika hali nzuri hutumia takriban uniti 0.1 kwa lita. Ongeza lile linalotumika kutunza baridi tu, hata kama hakuna kipya kilichowekwa: kwa friza la wastani mahali penye joto, kama uniti 1 kwa siku au zaidi kidogo. Anayegandisha lita 20 kwa siku basi anatumia kama uniti 3.

Mama huyo anaweza kuijua gharama ya kila pakiti, na jirani zake wanaweza kuacha kukisia. Kipima umeme cha kuchomeka, kinachokaa kati ya plagi na soketi, kikiwekwa kwa siku 3 kitamaliza mjadala. Ila kisitumike kwenye hita ya bafuni. Mkondo wake ni mkubwa mno kwake.

## 75

Nilipofika hapa nilidhani hesabu imekamilika. Nyumba yetu ya mfano inatumia uniti 4 kwa siku, na zinaonekana zinakokwenda: friji moja 1.2, taa ya nje 0.72, ving'amuzi viwili 0.58, televisheni mbili 0.5, feni 0.4, balbu sita 0.27, pasi 0.2, simu na vidogo vingine. Badilisha taa ya nje, chomoa ving'amuzi usiku na mchana wakati hakuna watu, rekebisha mpira wa friji, unashuka hadi 3 bila mtu kujinyima.

Kisha nikaangalia bei.

Katika bei zilizoidhinishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016, mteja wa nyumbani wa matumizi madogo, kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na 350 kwa kila uniti inayozidi. Mwenye wastani wa zaidi ya 75 huwa T1, shilingi 292 kwa kila uniti kuanzia ya kwanza. Weka VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) 3 na ya EWURA 1: ni shilingi 122 kwa D1 na 356 kwa T1. Ndiyo maana 10,000 ya koridoni ilitoa uniti 28, wakati ya jirani wa D1 hutoa karibu 82.

Vyumba sita, uniti 120 kwa mwezi. Kila chumba kinatumia wastani wa 20, matumizi ya mtu wa hali ya chini kabisa. Lakini mita ni moja, na mita inaona mteja mmoja mwenye 120. Kwa T1 hiyo ni takriban shilingi 42,750 kwa mwezi. Uniti zile zile 120, zikigawanyika kwenye mita sita za bei ya D1, zingekuwa 14,640.

Maskini sita wakiungana kwenye mita moja wanalipa bei ya asiye maskini.

Hili limeniumiza kuliko king'amuzi. Mtu anaweza kukagua kila soketi na bado sehemu kubwa ya gharama ikawa imo kwenye mpangilio wa nyumba, si kwenye vifaa. Kila chumba kuwa na mita yake ni uamuzi wa mwenye nyumba, na gharama ya kuunganishiwa umeme mijini, iliyorudishwa kuwa shilingi 320,960 mwaka 2022 kwa laini ya kawaida ya karibu, mara tano, kwa kuwa mita moja ipo tayari, ni zaidi ya milioni 1.6. Hata vyumba vyote vikipangwa D1, nafuu ya kama 28,000 kwa mwezi ingerudisha fedha hiyo baada ya karibu miaka 5. Wapangaji wachache hukaa muda huo.

Kwa nyumba ya familia moja hesabu ni tofauti kabisa na inatia moyo. Anayetumia 90 kwa mwezi ana uniti 15 tu kati yake na bei nyingine. Taa ya nje ya zamani peke yake ni karibu uniti 22 kwa mwezi. Hapo ukaguzi si wa kupunguza asilimia chache. Ukiweza kushuka chini ya 75 na kubaki hapo miezi mfululizo, nenda ukaulize kuhusu kundi lako ukiwa na daftari mkononi.

Kwa wanaobaki na mita moja, mita ndogo za ndani kwa kila chumba zinafungwa na fundi yeyote mzuri, na zinagawa gharama kwa haki hata kama hazibadilishi bei. Kama hilo halipo, gawaneni kwa vifaa: wati mara saa, imeandikwa ukutani, kila mtu anaiona.

## Bati

Neno fupi kuhusu joto. Bati lisilo na dari chini yake linaweza kupita nyuzi 60 mchana wa Februari, na usiku chumba bado kinapumua moto huo. Feni inawashwa mapema, friji halipumziki, mwenye uwezo ananunua kiyoyozi. Dari ya jipsamu au hata ubao mwembamba, matundu ya hewa pande mbili chini ya paa, na rangi nyeupe juu ya bati hupunguza kazi ya vyote hivyo. Aliye na kiyoyozi aoshe chujio kila mwezi, azibe uwazi wa chini ya mlango, aweke nyuzi 26 na feni ya polepole badala ya 18 na blanketi.

## Ambacho mita haikioni

Daftari la LUKU lina upungufu mmoja mkubwa: mkaa haumo.

Katika nyumba nyingi gharama kubwa ya nishati iko jikoni, kwenye fungu la mkaa la kila siku au mtungi wa gesi. Nusu kilo ya maharage makavu kwenye jiko la presha la umeme hutumia karibu uniti 0.4, kwa sababu jiko likishapata presha huvuta umeme kidogo kidogo tu. Kwa T1 hiyo ni kama shilingi 140. Genge gani litakuuzia mkaa wa kuivisha maharage kwa bei hiyo?

Lakini angalia kinachotokea kwenye koridoni yetu. Chumba kimoja kikinunua jiko hilo, matumizi yake yote ya nishati yanashuka, moshi unaondoka, na uniti za nyumba zinapanda. Mlio unakuja Ijumaa badala ya Jumamosi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, na kwa wapangaji wengi kizuizi cha kwanza kitakuwa majirani wenye macho kwenye rimoti.

Kwa hiyo daftari liwe na safu mbili. Ya kwanza uniti, ya pili mkaa na gesi: tarehe ya kununua, kilo, bei, tarehe ya kuisha. Mwenye jiko la presha aandike kila anapopika, 0.4 kwa maharage, pungufu ya hapo kwa wali, na alipe hizo juu ya mchango wake wa kawaida. Akipika maharage mara 4 kwa wiki, ni uniti 1.6, kwa bei ya T1 shilingi 570. Aitoe mbele ya wenzake Jumapili, wakati wa kuchanga.